SIKO SELI: "MMOJA KATI YA WANNE" MAANA YAKE NINI?



Wazazi wenye mtoto mgonjwa wa siko seli huelezwa kliniki kwamba kila mimba yao ina uwezekano wa mmoja kati ya wanne, yaani robo, kuleta mtoto mgonjwa. Maneno ni machache, lakini wengi huyaelewa vibaya. Huku kwetu Kibaha na Kisarawe utamsikia baba akisema, "Huyu mmoja amekwisha kuugua, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima." Mwingine mwenye watoto watano wazima husema kwamba maradhi hayo hayamhusu kabisa. Wote wawili wamekosea hesabu, na kosa la namna hii huweza kugharimu uhai wa mtoto. Kwa hiyo somo letu la mwezi huu ni hesabu ya uwezekano. Vijana mlio sekondari, wasaidieni wazazi wenu.

UGONJWA UNARITHIWAJE?

Siko seli, au selimundu, ni ugonjwa wa damu. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo na kufa mapema. Ndiyo maana mgonjwa huishiwa damu na kupatwa na maumivu makali ya mifupa.

Kila mtu hupokea vinasaba viwili vya himoglobini, kimoja toka kwa baba na kimoja toka kwa mama. Kinasaba kizima tukiite A, na chenye kasoro tukiite S. Mwenye AA ni mzima. Mwenye AS ni mbebaji: hana ugonjwa, na aweza kuzeeka bila kujua kwamba amebeba. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Mtoto hawezi kuwa SS bila kupokea S moja toka kwa kila mzazi. Basi mume anayemlaumu mke wake peke yake, au mkwe anayesema mchawi ameingia nyumbani, hana msingi wowote. Wala mtoto mgonjwa wa wazazi wazima si ushahidi kwamba mama alitoka nje ya ndoa.

JARIBUNI KWA SARAFU

Chukueni sarafu mbili za shilingi 100. Upande wa kichwa cha Mwalimu Nyerere uwe A, upande wa wanyama uwe S. Sarafu moja ni baba, nyingine ni mama, na wote wawili ni wabebaji. Zirusheni pamoja. Matokeo ni manne, na yote yana nafasi sawa:

Baba A, mama A: mtoto AA, mzima.
Baba A, mama S: mtoto AS, mbebaji.
Baba S, mama A: mtoto AS, mbebaji.
Baba S, mama S: mtoto SS, mgonjwa.

Mgonjwa ni mmoja kati ya wanne. Lakini mkirusha mara 4 tu, huenda msipate SS hata moja, au mkapata mbili. Mkirusha mara 100 mtapata SS zipatazo 25, pengine 20, pengine 30. Kadiri mnavyorusha mara nyingi, ndivyo sehemu ya SS inavyoikaribia robo. Hili ni jambo la kwanza la kukumbuka: hesabu ya wachache huyumba sana, hesabu ya wengi hutulia. Nyumba moja ni wachache.

SARAFU HAINA KUMBUKUMBU

Jambo la pili: sarafu haikumbuki ilivyoangukia jana. Kila mimba ni mrusho mpya. Mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, uwezekano wa wa pili ni robo ile ile. Wakiwa wazima watano, wa sita bado ana robo ile ile. Hakuna deni linalolipwa wala zamu inayopokezanwa.

Tuchukue familia 256, kila moja ina watoto 4, na wazazi wote ni wabebaji. Kwa hesabu tunategemea:

Familia 81 hazina mgonjwa.
Familia 108 zina mgonjwa 1.
Familia 54 zina wagonjwa 2.
Familia 12 zina wagonjwa 3.
Familia 1 ina wagonjwa 4.

Jumlisheni wagonjwa: 108 na 108 na 36 na 4, jumla 256. Watoto wote ni 1,024. Robo imetimia, ingawa familia nyingi hazina "mmoja kati ya wanne" hasa. Ile familia yenye wagonjwa wanne haikulaaniwa, na zile 81 hazikuwa na utakatifu zaidi.

TUNAHESABU AKINA NANI?

Sasa muuguzi akikaa kliniki na kuhesabu familia zinazomletea wagonjwa tu, atazikuta 175, kwa sababu zile 81 hazina sababu ya kuja. Watoto wao ni 700, na wagonjwa ni 256, yaani zaidi ya theluthi. Je, ugonjwa umeongezeka? Hapana. Ameacha kuwahesabu waliobaki nyumbani. Kila mnaposikia takwimu, ulizeni kwanza: wamehesabiwa akina nani, na nani ameachwa?

NDUGU MZIMA WA MGONJWA

Kijana ambaye mdogo wake ni SS, na yeye mwenyewe ni mzima, ana uwezekano gani wa kuwa mbebaji? Wengi hujibu nusu. Lakini tazameni tena yale matokeo manne. Tumekwisha kujua kwamba yeye si SS, kwa hiyo tunaifuta. Yamebaki matatu, na mawili kati yake ni AS. Jibu ni 2 kati ya 3. Habari mpya hubadili hesabu. Kijana huyu apime kabla ya kuchumbia.

KWA NINI HUKU KWETU?

Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wake kuonyesha kwamba mbebaji wa AS hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria. Kwa karne nyingi watoto wa AS waliokoka zaidi penye malaria nyingi, nao wakairithisha S. Lakini angalieni: kinga hiyo ni ya mbebaji. Kwa mtoto wa SS malaria ni hatari kubwa mno.

TUFANYE NINI?

Mtoto mchanga akivimba vidole vya mikono au miguu, akiwa na macho ya manjano, au akiishiwa damu mara kwa mara, mpelekeni akapimwe. Ulizieni Hospitali ya Tumbi hapa Kibaha au Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe. Muhimbili ipo kliniki maalumu ya siko seli. Mgonjwa alale ndani ya chandarua, anywe maji mengi, apate chanjo zote, na atumie dawa alizoandikiwa bila kukatiza, zikiwamo foliki asidi, penisilini kwa watoto wadogo, na haidroksiyurea daktari akiona inafaa. Akipata homa, asisubiri kesho. Wakitunzwa hivi, wengi hukua, husoma na kufanya kazi.

Wachumba, ombeni kipimo kinachotofautisha AS na SS, kwani kipimo chepesi cha kuona kama damu inapinda hakitofautishi. Majibu hayamkatazi mtu ndoa. Yanawapa wawili nafasi ya kuamua na kujiandaa wakiwa macho wazi. Katika Injili ya Yohane sura ya 9 wanafunzi walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu. Alikataa kwamba ni yeye au wazazi wake. Nasi tuache kutafuta wa kulaumiwa.

MASWALI KWA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Mzazi mmoja ni AS, mwenzake ni AA. Je, waweza kupata mtoto SS? Rusheni sarafu moja tu mpate jibu.
2. Mama wa SS na baba wa AS: uwezekano wa mtoto mgonjwa ni kiasi gani?
3. Jumuiya yetu inaisaidiaje familia yenye mtoto wa siko seli?