Somo: Mambo ambayo fundi mmoja hawezi kuyatengeneza



Mashini ya kumenya kahawa ikikwama, njia tunaijua. Tunaita fundi, anaifungua, anaona kipande kilichovunjika, anakibadilisha, tunamlipa, kazi inaendelea. Lakini wanachama wakianza kupeleka kahawa yao usiku kwa mnunuzi wa pembeni, tutaita fundi gani? Komite ikiweka lamande, watu wanaficha. Ikipandisha bei kidogo, mnunuzi naye anapandisha. Chuma hakibadilishi tabia juu unakitazama. Watu wanabadilisha.

Elimu inayochunguza mambo ya namna hiyo wasomi wanaiita sayansi ya mambo changamani. Kule Marekani kuko hata chuo cha utafiti, Santa Fe Institute, kilichoanzishwa 1984 kwa kazi hiyo. Jina ni zito, lakini kwa maoni yetu mulimaji anaielewa haraka kuliko watu wengi wa ofisini. Mutazame mnyauko wa migomba.

Ugonjwa huo ulionekana Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata mgomba unatoa usaha wa manjano. Shauri la kwanza la wataalamu lilikuwa kung'oa shina zima, pamoja na machipukizi yote. Kwa karatasi lilikuwa sawa. Lakini kung'oa shina moja ni kazi ngumu sana, na familia inabaki bila chakula na bila ndizi za kasiksi kwa muda mrefu. Walimaji wengi hawakufanya, ama walifanya nusu. Na yule aliyeng'oa yote, jirani yake akiacha migomba yenye ugonjwa, wadudu na panga vilirudisha shida kwake.

Baadaye watafiti waliona kwamba bakteria haifiki kila mara kwenye machipukizi yote ya shina moja. Ndipo likaja shauri jingine: kata ule mgomba mmoja tu wenye dalili, chini kabisa, mara unapouona, rudi kila wiki kutazama, safisha panga kwa moto ama javeli, na ua la chini ya mkungu ulivunje kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa panga. Njia hii ilijaribiwa hata hapa Kivu, na penye walimaji walioifuata pamoja ugonjwa ulishuka sana. Sehemu kubwa ya dawa ilikuwa kupata kazi ndogo ambayo kila mtu anaweza kuifanya na kuirudia, na majirani wakaifanya wakati mmoja.

Sasa turudi kwenye kahawa. Tuseme, kwa mfano tu, stasheni ya kuosha inakula dola 6.000 kila msimu: mlinzi, mafuta, matengenezo, karani. Ikipokea tani 60 za kahawa mbivu, kila kilo inabeba senti 10. Nusu ya wanachama wakiuza pembeni, zinafika tani 30, na kila kilo inabeba senti 20. Basi koperative inalipa kidogo, tena inachelewa. Juu inachelewa, wengine wanaondoka. Juu wanaondoka, gharama ya kilo inapanda tena. Ni mzunguko. Hakuna mtu mbaya ndani yake, kila mmoja anatafuta minervale ya watoto, lakini mwisho stasheni inafungwa na mnunuzi wa pembeni anabaki peke yake, anaweka bei anayoitaka.

Mzunguko huo unaweza kuzunguka pia upande mwingine. Kiongozi anatafuta mahali padogo pa kuusukuma. Badala ya kubadilisha sheria ya koperative nzima, achague kikundi cha mlima mmoja. Kwa wiki nne, kahawa yao ipimwe mbele yao na sehemu ya makuta ilipwe siku ileile. Mlima mwingine uendelee sawa vile zamani. Kila jumamosi muhesabu kilo za pande zote mbili. Kama hakuna tofauti, mumepoteza kidogo tu, na mutajaribu jambo lingine.

Kuko mambo yanayotoka mbali vilevile. Julai 2021 baridi kali iliunguza mikahawa kule Brazili, na bei ya arabika ikaruka duniani. Tungefikiri ni furaha kwa wote. Lakini kule Kolombia walimaji wengi walikuwa wamekwisha kuahidi kahawa yao kwa bei ya chini. Waliuza kwingine, na koperative zilizokuwa zimeweka sahihi na wanunuzi wa nje zikabaki na hasara. Bei nzuri nayo inaweza kuvunja koperative ambayo ilijitayarisha kwa bei mbaya tu.

Ndiyo sababu hatupendi sana mpango wa miaka mitano unaojua siku moja tu ya kesho. Afrika ya Kusini, miaka ya 1991 na 1992, wakati hakuna aliyejua ubaguzi wa rangi utaishaje, watu 22 wa pande zilizokuwa zikipingana walikutana mahali panaitwa Mont Fleur. Hawakutafuta kukubaliana juu ya siasa. Waliandika hadithi nne za kesho. Katika moja, serikali ilikuwa sawa vile mbuni, kichwa kwenye mchanga. Katika nyingine, nchi ilikuwa sawa vile ndege flamingo, wanaoruka polepole lakini wote pamoja. Hadithi hizo zilisambazwa ili watu wazizungumzie.

Koperative inaweza kufanya hivyo kwa asubuhi moja. Wakae wanawake, vijana, wapima mizani na hata mwanachama aliyeuza pembeni. Huyo hasa asikosekane, anajua mambo ambayo komite haijui. Waandike hadithi tatu za msimu ujao: bei imepanda ghafla; barabara imefungwa wiki sita na kahawa iko kwenye depo; mvua imechelewa na mavuno ni nusu. Kwa kila hadithi waulize: ni alama gani itatuonyesha kwamba inaanza, na nani ataiona wa kwanza? Kisha waulize: ni jambo gani tukilifanya leo litatusaidia katika zote tatu? Wengine watasema akiba ya avansi. Wengine watasema tusiweke sahihi ya kahawa yote kwa bei moja. Mabishano yatakuwa, muyaache.

Karatasi ya hadithi hizo ibandikwe karibu na mizani, si ndani ya kabati, na isomwe tena mbele ya wote mavuno yakifika katikati.