Tiba ya Maumivu ya Kiuno Pasipo Dawa

Majani ya kulishia ng'ombe wafugwao zizini huko Kilimanjaro aghalabu hukatwa tambarare, kisha hupandishwa hadi vihambani, mara nyingi vichwani mwa wanawake. Si ajabu viuno vikauma. Wengi hudhani tiba ni kulala kitandani hata maumivu yaishe. Sivyo: misuli isiyotumika hudhoofu, na mgonjwa huchelewa kupona. Yampasa aendelee kutembea na kufanya kazi nyepesi kadiri awezavyo. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto huliwaza kwa muda, kukanda vilevile. Yakidumu kupita miezi 3, mazoezi ya viungo ni miongoni mwa tiba zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023. Mikanda ya kiuno, ipendwayo na wengi, haikupendekezwa.

Mwalimu wa fizikia aweza kulieleza jambo hili kwa kanuni ya wenzo. Mkungu wa ndizi wa kilo 20 una uzito wa nyutoni 200 hivi. Ukishikwa sentimita 40 mbele ya uti wa mgongo, misuli ya kiuno, iliyo kama sentimita 5 tu nyuma ya egemeo, hulazimika kuvuta kwa kani ya nyutoni 1,600, mbali na uzito wa kiwiliwili chenyewe. Ukisogezwa hadi sentimita 20, kani hiyo hupungua kuwa nyutoni 800. Basi mzigo na ukumbatiwe, magoti yakunjwe.

Lakini ganzi mapajani, kushindwa kuzuia mkojo, homa, au kukonda pasipo sababu (kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo) ni dalili zisizongoja mazoezi. Mgonjwa wa namna hiyo afikishwe hospitali mara moja.