SAFARI YA ULAYA KWA DAFTARI LA KISWAHILI: MJI, PWANI NA KISIWA



Katika mjadala wa chama chetu, mwenzenu mmoja alisimama akasema ati Kiswahili ni lugha ya kutembelea Gedi na Lamu tu. Ukivuka bahari kwenda Ulaya, kiache nyumbani pamoja na leso za nyanya yako. Wengi walicheka na wengine wakapiga makofi. Mimi sikucheka. Kama neno hilo ni kweli, basi sisi tunaokesha na lugha hii tunajipotezea wakati bure.

Kusema kweli sijakanyaga Ulaya. Nauli yake si ya mshahara wa mwalimu. Lakini ramani ninayo na vitabu ninavyo, na siku mmoja wenu atakapojaliwa kusafiri, ningependa aende akijua aendako. Nimechagua mahali patatu: mji mmoja, pwani moja na nchi moja ya visiwa. Kila mnapofika, daftarini andikeni majibu ya maswali haya:

(a) Hapa naona nini?
(b) Jina la mahali hapa lina maana gani?
(c) Sisi wa Afrika Mashariki tunahusikaje na hadithi yake?

1. MJI: LISBON

Lisbon ni mji mkuu wa Ureno, umejengwa juu ya vilima pale mto Tejo unapokaribia kuingia bahari ya Atlantiki. Anzia mtaa wa Belém, ukingoni mwa mto. Hapo pana mnara wa mawe uliomalizwa 1519, na monasteri ya Jerónimos ambamo Vasco da Gama amezikwa. Aling'oa nanga Belém mwezi wa Julai 1497. Aprili 1498 alikuwa Mombasa, ambako hakupokewa vyema, kisha Malindi, ambako alipewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Miaka saba baadaye, 1505, Wareno walirudi Mombasa wakaiteketeza kwa moto. Kwa hivyo mnara ule si wa kupigiwa picha tu. Kwetu ni mlango wa somo la historia.

Wareno walipokonywa Fort Jesus na Waomani 1698. Wenyewe walikwenda zao, lakini maneno yakabaki. Hebu tazameni, upande wa kushoto ni Kireno:

mesa – meza
bandeira – bendera
lenço – leso
vinho – mvinyo
fronha – foronya
parafuso – parafujo

Si mnaona? Hata ile leso ya nyanya iliyotakiwa kuachwa nyumbani, jina lake lilitoka huko huko!

Neno la kutafakari zaidi ni gereza. Wataalamu hulitoa katika igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Ndani ya Fort Jesus mlikuwa na kanisa, na watu wa nje wakaiita ngome nzima kwa jina hilo. Baadaye Waingereza waliifanya ngome hiyo jela, kuanzia 1895 hadi 1958. Neno lililoanza na sala likaishia kwenye minyororo.

Kisha panda tramu namba 28 uingie mtaa wa Alfama, wenye vichochoro vyembamba kama vya Mji wa Kale wa Mombasa. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko la ardhi, mawimbi ya bahari na moto viliangamiza sehemu kubwa ya Lisbon, lakini Alfama ilinusurika kwa kiasi. Jina lake ni la Kiarabu, la chemchemi za maji moto, na lina ukoo mmoja na neno letu hamamu.

2. PWANI: ALGARVE

Panda treni kuelekea kusini hadi Faro, mwendo wa kama saa tatu. Umefika Algarve. Waarabu walitawala hapa karne nyingi hadi Faro ilipotekwa na Wareno 1249, na jina ni al-Gharb, yaani magharibi. Bila shaka neno magharibi mnalo nyumbani.

Pwani hii ina majabali ya rangi ya manjano, mapango yanayoingiwa kwa mashua, na mchanga safi. Lakini msidanganyike na picha. Bahari ni ya Atlantiki, na maji yake ni baridi kuliko ya Diani hata jua likiwaka vipi. Julai na Agosti watu hujaa na bei hupanda. Mei, Juni au Septemba ni afadhali.

Endelea magharibi hadi mji wa Lagos. Huu si ule wa Nigeria. Wageni wengi huja kwa ajili ya majabali ya Ponta da Piedade, nayo yanastahili kuonwa. Lakini mtu akifika hapo akaondoka bila kusimama kwenye uwanja wa mji, mimi nitasema hakufika. Mwezi wa Agosti 1444 Waafrika 235 waliotekwa pwani ya magharibi ya Afrika walishushwa Lagos, wakagawanywa mbele ya umati, mama huku na mtoto kule. Leo pana makumbusho madogo ya utumwa karibu na uwanja huo.

Hapa daftari lisiwe la kulaumu wengine pekee. Sisi nasi tuna mapango ya Shimoni, na neno mtumwa hatukuliazima kwa Mreno. Ni letu, limetokana na kitenzi tuma. Msafiri mkweli huandika yote mawili.

3. VISIWA: MALTA

Kutoka Ureno ni safari ya ndege hadi Malta, katikati ya bahari ya Mediterania, kusini mwa Sicily. Nchi nzima ina kilomita za mraba 316 tu, na visiwa vikubwa ni Malta, Gozo na Comino. Ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza Septemba 1964, miezi tisa baada ya Kenya, na magari hupita kushoto kama kwetu.

Tembea Valletta, mji mkuu ulioanza kujengwa 1566 kwa mawe ya rangi ya asali. Vuka kwenda Gozo kwa feri, kama dakika 25 hivi. Aliyezoea Likoni hatashtuka. Ukiona katika kitabu cha zamani picha ya tao la mwamba liitwalo Azure Window, usilitafute. Liliporomoka Machi 2017. Nenda badala yake Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi ambako mashua hupakwa rangi na kuchorwa macho omoni, kama majahazi ya Lamu yanavyowekwa macho yao.

Sasa tegeni masikio. Kimalta kilizaliwa na Kiarabu, lakini huandikwa kwa herufi za Kirumi kama lugha yetu. Upande wa kushoto ni Kimalta:

baħar – bahari
ktieb – kitabu
dinja – dunia
aħbar – habari
sitta – sita
sebgħa – saba
disgħa – tisa
mija – mia
elf – elfu

Hapo sasa! Mswahili akiingia soko la Valletta, nusu ya hesabu anaielewa kabla ya kufundishwa.

MAANDALIZI KWA UFUPI

Ureno na Malta zote hutumia yuro, na zote zimo katika eneo la Schengen, hivyo viza moja hutosha kwa ziara fupi isiyozidi siku 90. Ombeni mapema, maana haraka haraka haina baraka. Bebeni viatu vizuri, kwa kuwa Lisbon ni ya kupanda na kushuka. Na daftari msisahau. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, lakini asiyeandika hana cha kuwaletea walio nyumbani.

Kwa yule mwenzenu wa mjadala, jibu langu ni hili: Kiswahili kilikwisha kufanya biashara na dunia kabla yetu sisi kuzaliwa. Hakihitaji kuachwa nyumbani.

ZOEZI

1. Taja maneno mengine matatu ya Kiswahili yenye asili ya Kireno, na uyatungie sentensi.
2. "Gereza lilianza kuwa kanisa." Fafanua kwa aya moja.
3. Chagua mji, pwani au kisiwa chochote cha Ulaya. Andika insha ya ukurasa mmoja ukijibu maswali (a), (b) na (c). Insha bora itasomwa katika mkutano wa chama.