Wifi anataka tufungue kituo Jumatatu

Shangazi,

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama kwenye machimbo ya wilaya ya Geita. Tupo kumi na wanane. Tulianza mwaka 2016, baada ya mtoto wa mwenzetu kutumbukia kwenye duara, shimo la kuchimbia, lililoachwa wazi wakati mama yake yuko mwaloni anaosha mchanga wa dhahabu. Tukakubaliana kila mmoja atoe shilingi elfu mbili kwa wiki, tukapata nyumba, tukawa tunawakalisha humo watoto wadogo wa akina mama wanaofanya kazi mwaloni na kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe. Uji asubuhi, ugali mchana. Mama asiye na kitu halipi. Wapishi ni bibi wawili waliopita miaka sabini.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, nasi tukafunga. Shule zikafunguliwa Juni, lakini sisi tukaogopa kwa ajili ya wale bibi. Sasa ni mwaka na nusu na zaidi, na watoto wanashinda kando ya makarasha wamejaa vumbi mpaka kwenye kope.

Mwenyekiti wetu ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Anataka tufungue Jumatatu ijayo kwa sababu kuna mfanyabiashara ameahidi magodoro na unga, ila akija akute watoto wapo. Wanachama wengine wanasema korona bado ipo na hatujachanja, tusubiri. Wengine wanasema korona ni ya mjini. Naomba unijibu: tuwalazimishe watoto barakoa? Tuwasimamishe bibi wasipike? Na mama ambaye hajachanja, tumpokelee mtoto? Ndoo za koki na sabuni tumeshanunua. Nyumba iko tayari. Alikuwa anakaa mkwe wa wifi, mume wa binti yake, alikuwa anachomea dhahabu zake humo kipindi tumefunga, ila keshahama na tumepaka chokaa ndani na nje. Mahindi yetu ya mwaka jana, magunia mawili, bado yapo.

Nikisema tusubiri, wifi anasema naonea wivu cheo chake. Mume wangu naye kaniambia nisimgombanishe na dada yake.

Katibu, Geita

*

Mwanangu,

Umeniuliza kuhusu korona na nitakujibu. Lakini kilichonishtua kwenye barua yako si korona. Ni yale maneno uliyoyapitisha haraka karibu na mwisho, kwamba mkwe alikuwa anachomea dhahabu humo ndani. Nyumba hiyo msiifungue kwa watoto. Si Jumatatu hii wala Jumatatu ijayo, mpaka aje mtu mwenye vipimo aseme iko salama.

Kazi yenyewe unaijua kuliko mimi. Mchanga uliosagwa unachanganywa na zebaki, zebaki inashika dhahabu, ule mchanganyiko unakamuliwa kwenye kitambaa halafu unawekwa motoni. Dhahabu inabaki, zebaki inaondoka. Swali ambalo machimboni halipendwi ni hili: inaondoka kwenda wapi? Inageuka mvuke usioonekana wala kunuka. Akichoma nje, upepo unaibeba na kuisambaza, jambo ambalo nalo ni baya. Akichoma sebuleni, inapanda mpaka kwenye mabati na dari, inapoa, inashika ukutani, inaingia kwenye nyufa za sakafu, kwenye mikeka na mapazia. Jua la saa saba likipiga mabati, inaanza kutoka tena kidogo kidogo. Inaweza kufanya hivyo miezi mingi baada ya mchomaji kuhama. Chokaa mliyopaka imefunika weusi wa moshi tu.

Na nani anashinda kwenye nyumba hiyo? Mtoto wa miaka miwili anayetambaa, anayelala chini mchana, anayetia kidole sakafuni na kidole hicho hicho mdomoni. Zebaki hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu, na ubongo wa mtoto bado unajengwa. Kwa mtu mzima utaona mikono inatetemeka, usahaulifu, hasira zisizo na sababu, usingizi unakimbia. Kwa mtoto unaweza usione kitu kwa miaka, halafu mwalimu wa darasa la kwanza anasema huyu ni mzito. Haya si maneno ya kutishana. Rwamgasa, wilayani kwenu hapo hapo, ilikuwa sehemu ya mradi wa Umoja wa Mataifa wa zebaki miaka ya 2000, na wataalamu waliowapima wachomaji wa dhahabu waliwakuta na dalili za sumu hiyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, na mkataba huo unataka uchomaji wa namna hii ndani ya makazi ya watu ukomeshwe. Kwa hiyo ukilisema jambo hili hujamwonea mtu.

Fanyeni hivi. Toeni watu wote, fungueni madirisha, zuieni watoto wasicheze humo. Msifagie. Ufagio unaipasua zebaki kuwa vijitone na kuisambaza kila kona. Msiwashe jiko ndani. Mkiona kitone kinachong'aa kwenye ufa, msikishike kwa mikono. Mwandikieni barua Mtendaji wa Kijiji, nakala kwa Afisa Afya wa kata na Afisa Mazingira wa halmashauri, mkiomba jambo hili lifikishwe kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, na kwa chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Wao ndio watakaosema kama sakafu ichimbuliwe, nyumba isafishwe vipi, au muachane nayo kabisa. Na kwa kuwa nayajua machimbo, naongeza hili: atatokea mtu wa kutaka kununua udongo wa sakafu hiyo akauoshe upya, akijua una chembe za dhahabu. Hata akitoa bei nzuri, mkatalieni. Ataenda kuichomea dhahabu hiyo kwenye nyumba nyingine yenye watoto.

Sasa wifi.

Ukienda kwake na neno "nyumba" vita vitaanza, maana nyumba ni uamuzi wake. Anza na binti yake. Huyo binti alilala kwenye nyumba hiyo muda wote mume wake akichoma dhahabu. Ana mtoto anayenyonya? Ana mimba? Zebaki hupita kwa mama ikamfikia mtoto tumboni, na hata kwenye maziwa hupatikana. Muulize wifi, kwa upole wa kweli, binti anaendeleaje, na mkwe mikono yake ikoje. Waende hospitali, na wamweleze daktari waziwazi kwamba walikuwa wanachoma zebaki ndani. Wasipolisema hilo watapewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani. Ukianza hivyo, wifi ni mama anayehofia damu yake, na cheo kinasahaulika kwa muda. Usimtume yeye akamhoji mkwewe, heshima ya ukwe haimruhusu. Atafutwe mzee wa upande wa kijana.

Na mumeo mwambie Shangazi kasema hivi: huyo ni dada yake, kwa hiyo aliyepaswa kutangulia ni yeye. Asikae kimya halafu akuambie wewe usigombanishe watu.

Hujaniambia kama mkwe alilipa kodi, na kama alilipa, fedha ziko wapi. Nadhani hujasema kwa sababu unajua. Hilo lina siku yake. Liingizwe kwenye mihtasari ya kikao cha wanachama wote, lakini msilichanganye na suala la zebaki, kwa sababu mkichanganya, wifi atatetea fedha na nyumba kwa pumzi moja.

Turudi kwenye korona. Watoto wa chini ya miaka mitano msiwalazimishe barakoa, hata Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo, wataitafuna, watabadilishana. Barakoa wavae watu wazima wanaowapokea. Dawa kubwa ya ugonjwa unaopita kwenye hewa ni hewa yenyewe, kwa hiyo anzeni nje. Tafuteni kivuli cha mwembe au turubai, mbali na makarasha na upande ambao upepo hauleti vumbi. Ombeni baraza ya ofisi ya kijiji, kanisa au msikiti. Pokeeni kwanza wale ambao mama zao hawana kabisa wa kuwaachia, mwone mambo yanakwendaje, kisha muongeze.

Mama ambaye hajachanja mpokeleeni mtoto. Chanjo nchini mwetu ni hiari na ni bure. Rais Samia alichanja hadharani tarehe 28 Julai 2021, na ile ya Janssen ilikuwa sindano moja tu. Wahimizeni, mwalikeni mhudumu wa afya aje kwenye kikao ajibu maswali. Lakini mkimfungia mlango mama, mnamrudisha mtoto kwenye duara, na duara ndilo lililowafanya mkaanzisha kituo.

Kikohozi ndicho nisingekidharau. Machimboni kifua kikuu kilikuwapo kabla ya korona na bado kipo. Vumbi la mwamba linaharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika hushikwa na kifua kikuu upesi. Mtu yeyote wa kituo anayekohoa wiki mbili au zaidi apimwe makohozi kwenye kituo cha afya. Kipimo na dawa ni bure. Na mama anayetoka kwenye karasha avue kanga ya kazini na kunawa kabla ya kumbeba mtoto. Hili ni dogo, lakini linamwepusha mtoto na vumbi jingi.

Bibi wenu wawili ndio walio hatarini zaidi na korona, basi wao ndio wawe wa kwanza kupelekwa kuchanja, kama wenyewe wanaridhia. Kupika wapike, nje, na wasiwe wao wanaopokea watoto asubuhi. Nina sababu nyingine ya kuwafikiria. Wewe na mimi tunaijua kanda yetu, Shinyanga na Geita. Bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa mafiga ya miaka hamsini ameshawahi kuitwa mchawi, na wapo waliokatwa mapanga kwa sababu hiyo. Sasa fikiria kituo kimefunguliwa, mtoto mmoja anapata homa, wa pili anapata degedege. Kuna nyumba itakwenda kwa mpiga ramli kabla ya zahanati, na ramli itamwangukia mpishi. Kwa hiyo wekeni daftari: mtoto gani kaja, kala nini, homa ilianza saa ngapi, mama yake yuko karasha lipi na simu yake. Kabla ya siku ya kwanza waambieni akina mama wote, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kwamba watoto wakikaa pamoja huambukizana mafua na kuhara, na kwamba mtoto akiugua anapelekwa zahanati siku hiyo hiyo.

Yale magunia mawili msiyapeleke mashineni. Mahindi yaliyokaa mwaka na zaidi yakapata unyevu huota kuvu wenye sumu, sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu hiyo. Najua inauma kutupa chakula. Tupeni, na kuku nao msiwape.

Mfanyabiashara wa magodoro mpigieni simu mumweleze ukweli: tunaanza nje, tukipata nyumba salama tutakualika. Mwenye nia ya kusaidia atangoja. Anayetaka picha na watoto tu, afadhali mmjue mapema. Wakati huohuo mwoneni Afisa Ustawi wa Jamii, maana kituo cha kulelea watoto mchana kinahitaji usajili chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na barua yako haikuutaja. Usajili huo utawafungulia pia mlango wa halmashauri. Tangu mabadiliko ya Sheria ya Madini ya 2017, kampuni zenye leseni zinatakiwa kukubaliana na halmashauri mpango wa kila mwaka wa kuhudumia jamii. Kikundi cha akina mama kilichokaa miaka kadhaa kikilisha watoto kwa elfu mbili mbili kina haki ya kuomba chumba kimoja chenye sakafu safi.

Na ninyi wengine mnaosoma hapa, wa Nyarugusu, Mgusu, Masumbwe, Kakola na Kahama, ambao jengo la kikundi, la chekechea au la maombi lilifungwa mwaka 2020 na sasa mnataka kurudi: kabla ya kununua ndoo na sabuni, ulizeni nani alikaa humo mkiwa hampo, na alikuwa anafanya kazi gani.