Anayeshika Kamera ya Tumbo Amesoma Miaka Mingapi?

Ukifika miaka 45 hapa Marekani, daktari wako anaweza kukushauri upime utumbo mpana kwa mpira mwembamba wenye kamera, yaani kolonoskopi. Wengi wetu huogopa na kuahirisha. Basi mfahamu anayeushika mpira huo.

Baada ya sekondari alisoma chuo miaka 4, kisha udaktari miaka 4. Akafanya kazi hospitalini chini ya usimamizi: miaka 3 magonjwa ya ndani, miaka 3 magonjwa ya tumbo na ini. Hapo ndipo alipojifunza kuongoza kamera, mwalimu akiwa pembeni. Jumla ni miaka 14. Wanaotibu mirija ya nyongo kwa kamera wengi huongeza mwaka 1.

Akiona kinyama kilichoota, mara nyingi hukikata papo hapo, kabla hakijageuka saratani. Lakini utumbo ukiwa mchafu haoni vizuri. Kwa hiyo kunywa dawa yote ya kusafisha tumbo kama ulivyoelekezwa.

Omba mkalimani mapema. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu humtoa bure, usimtumie mtoto. Panga pia mtu mzima wa kukurudisha nyumbani, kwani ukipewa dawa ya usingizi hutaendesha gari siku hiyo.