Charley Pride, Mwimbaji Aliyesikiwa Kabla ya Kuonekana

Katika nchi ya Marekani uko muziki uitwao kantri. Ni muziki wa watu wa mashamba, na nyimbo zake husimulia habari za kazi, za safari, za mapenzi na za huzuni. Vyombo vyake vilitoka pande mbili za dunia: fidla ililetwa na watu wa Ulaya, na asili ya banjo ni vyombo vya Waafrika waliochukuliwa utumwani. Walakini, kwa miaka mingi Wamarekani walio wengi walidhani kwamba muziki huo ni mali ya watu weupe peke yao. Katika somo hili tutasoma habari za mtu mweusi aliyeupenda muziki huo tangu utoto wake, na jinsi alivyopata heshima kwa ajili yake.

Charley Pride alizaliwa tarehe 18 Machi, 1934, katika mji mdogo wa Sledge, jimbo la Mississippi. Alikuwa mtoto wa nne katika watoto kumi na mmoja. Wazazi wake hawakuwa na ardhi yao wenyewe. Walilima pamba katika shamba la mtu mwingine, na mavuno yalipopatikana waligawana na mwenye shamba. Watoto nao walichuma pamba pamoja na wazazi. Siku zile sheria za Mississippi ziliwatenga watu weusi na watu weupe: shule zao mbalimbali, na viti vyao katika magari mbalimbali.

Lakini sheria haikuweza kuizuia sauti ipitayo hewani. Baba yake Charley alikuwa na redio, na Jumamosi usiku jamaa walikusanyika kusikiliza tamasha iitwayo Grand Ole Opry, iliyotangazwa kutoka mji wa Nashville. Charley alizisikiliza nyimbo hizo, akazishika moyoni, akaziimba. Alipopata umri wa miaka 14 alinunua gitaa, akajifundisha mwenyewe kulipiga kwa kufuata aliyoyasikia redioni. Dada yake mkubwa alimwuliza kwa nini anaimba muziki wa watu wale. Charley hakuacha. Aliona kuwa wimbo ukikupendeza, ni wako pia.

Hata hivyo, kuimba hakukuwa tamaa yake ya kwanza. Mwaka wa 1947 Jackie Robinson, mtu mweusi, aliingia katika timu kubwa ya besiboli, yaani mchezo wa mpira unaopigwa kwa gongo. Charley aliposikia habari hiyo, aliona kwamba iko njia ya kutoka katika mashamba ya pamba. Akawa mrushaji wa mpira katika timu za watu weusi, mojawapo ikiwa Memphis Red Sox. Maisha ya timu hizo yalikuwa ya dhiki. Wakati mmoja timu moja ilimwuza yeye na mwenziwe kwa timu nyingine, ili ipate fedha za kununua gari kuukuu la kuchukulia wachezaji! Tena mkono wake uliumia, na nguvu zake za kurusha zikapungua.

Mwaka wa 1956 alioa, na mwaka huo huo akachukuliwa katika jeshi. Alipotoka jeshini alihamia jimbo la Montana, kaskazini kabisa, akapata kazi katika kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi. Alitia makaa ya mawe katika tanuru lenye moto mkali mno. Kiwanda hicho kilikuwa na timu yake ya mpira, naye Charley aliichezea, akalipwa dola 10 kwa kila mchezo. Wakubwa walipoitambua sauti yake, walimwomba aimbe kabla ya mchezo kuanza, wakamwongezea dola 10 nyingine, maana watazamaji walizidi kuja. Waimbaji wawili mashuhuri, Red Foley na Red Sovine, walimsikia huko Montana, wakamshauri aende Nashville.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alisafiri mpaka Florida kujaribu bahati yake katika timu kubwa ya New York Mets, lakini hawakumtaka. Mtu mwingine angalirudi nyumbani kwa uchungu. Charley alipita Nashville katika safari yake ya kurudi, akaitafuta njia ya pili. Huko alimpata meneja, na hatimaye sauti yake ikamfikia Chet Atkins, mpiga gitaa hodari aliyekuwa mkubwa katika kampuni ya santuri ya RCA. Atkins aliwasikilizisha wakubwa wenziwe sauti ile kwanza, nao wakaisifu. Ndipo alipowaonyesha picha ya mwimbaji. Walishangaa, lakini walikuwa wamekwisha kusema kwamba ni mzuri. Mwaka wa 1965 mkataba ulitiwa sahihi.

Sahani yake ya kwanza ya santuri ilitolewa mwaka wa 1966. Kampuni iliipeleka kwa watangazaji wa redio bila picha, kwa hofu kwamba wakimwona wataikataa kabla ya kuisikia. Watu wakaupenda wimbo, wala hawakujua rangi ya mwimbaji.

Basi mwaka huo huo aliitwa kuimba katika mji wa Detroit, mbele ya watu wapatao 10,000. Jina lake lilipotajwa, watu walipiga makofi kwa nguvu. Alipotokea jukwaani, makofi yalififia, na ukumbi mzima ukanyamaza. Fikirini, enyi wanafunzi, saa ile ilikuwa saa gani kwake! Alikuwa peke yake na gitaa lake, na macho ya maelfu yakimtazama. Hakukimbia, wala hakukasirika. Aliwaambia kwa mzaha kwamba rangi yake ya kuungua na jua ni ya daima, akaanza kuimba. Kimya kile kikavunjika, na makofi yakarudi kwa nguvu kupita ya kwanza.

Tangu hapo alipanda ngazi moja baada ya moja. Mwaka wa 1969 wimbo wake ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za kantri nchini, na nyingine nyingi zikafuata. Mwaka wa 1971 chama cha wanamuziki wa kantri kilimchagua kuwa msanii bora wa mwaka. Mwaka wa 1976, Ireland ya Kaskazini ilipokuwa katika mapigano kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, na wasanii wengi wakaogopa kwenda, yeye alikwenda akaimba Belfast. Watu wa pande zote mbili walikaa katika ukumbi mmoja kumsikiliza. Mwaka wa 1993 alifanywa mwanachama wa Grand Ole Opry, tamasha ile ile aliyoisikiliza katika redio ya baba yake, na mwaka wa 2000 jina lake liliwekwa katika jumba la kumbukumbu la waimbaji wakuu wa kantri. Alifariki Dallas tarehe 12 Desemba, 2020, kwa ugonjwa wa korona, akiwa na umri wa miaka 86.

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Sauti ya Charley Pride ilijiuza yenyewe. Lakini tusisahau jambo moja: hata kitu chema hakiwezi kujiuza kikizuiliwa kuingia sokoni. Kabla yake alikuwako DeFord Bailey, mtu mweusi aliyekuwa fundi wa kinanda cha mdomo, na mmoja wa watu waliopendwa sana katika Grand Ole Opry ya kwanza. Aliondolewa mwaka wa 1941, akaishi kwa kung'arisha viatu vya watu. Ufundi wake haukupungua; nafasi ndiyo iliyopungua. Kwa hiyo somo hili lina pande mbili. Mwenye kipawa na afanye bidii na kuvumilia, kama Charley alivyovumilia. Na sisi tunaohukumu kazi za wengine na tusikilize kwanza, ndipo tutazame.

MASWALI

1. Charley Pride aliusikia muziki wa kantri mara ya kwanza kwa njia gani?
2. Taja kazi tatu alizozifanya kabla ya kuwa mwimbaji mashuhuri.
3. Kwa nini kampuni ilipeleka santuri yake bila picha? Je, kosa lilikuwa katika uso wa mwimbaji au katika macho ya watazamaji?
4. Eleza yaliyotokea Detroit mwaka wa 1966. Wewe ungalifanya nini?
5. Andika habari fupi ya mtu wa kijijini kwenu mwenye ufundi ambao watu hawajautambua.