Mtoto Mwenye Soni: Walichokiona Watafiti Nchini China

Mtoto asiyenyosha mkono darasani, anayeinamisha macho akisemeshwa na mgeni, ana tatizo au ana adabu? Wazazi na walimu wa chekechea hulijibu swali hili haraka. Utafiti kutoka China unaonyesha kwamba jibu hutegemea pia mahali na wakati mtoto anapokulia.

Mwaka wa 1992 Xinyin Chen na wenzake walichapisha ulinganisho wa wanafunzi wa Shanghai na wa Kanada, wenye umri wa miaka 8 na 10 hivi. Njia yao haikuwa ngumu. Watoto walitakiwa kujifanya waongozaji wa mchezo wa kuigiza, wachague wenzao wa kufaa kila nafasi: nani mwenye soni, nani huumia moyo upesi, nani kiongozi. Waliulizwa pia wanapenda kuwa na nani. Wenye soni wa Kanada hawakupendwa sana na wenzao. Wa Shanghai walipendwa.

Wachina humwita mtoto mtulivu na msikivu "guai", na hiyo ni sifa. Kiswahili nacho husifu haya, ingawa hakisifu woga.

Mambo yaligeuka. Mwaka wa 2005 Chen na wenzake walitoa matokeo ya makundi 3 ya watoto wa Shanghai, la 1990, la 1998 na la 2002. Katika kundi la 1990, wenye soni walikubalika, walipewa uongozi na walifanya vyema masomoni. Matokeo ya 1998 yalichanganyika. Kufikia 2002, soni ile ile iliambatana na kukataliwa na wenzao, matatizo shuleni na huzuni nzito. Hiyo ni miaka 12 tu! Watafiti wanaeleza kwamba mageuzi ya uchumi yalileta ushindani, na shule zikaanza kuhimiza watoto wajieleze na wathubutu. Tabia ya mtoto haikubadilika; kilichobadilika ni jinsi darasa lilivyoipokea, na mzigo ukamwangukia yeye.

Utafiti mwingine wa Chen, uliofanywa Beijing na kuchapishwa mwaka wa 2009, ulionyesha hali mbili ndani ya mji mmoja. Kwa watoto wa mjini soni ilienda na matatizo. Kwa watoto wa familia zilizohamia kutoka mashambani, bado ilienda na kukubalika.

Tena, soni si sawa na kutopenda watu. Mwenye soni hutamani kucheza ila anaogopa. Mwingine huona raha kukaa peke yake. Vijijini China, ambako kundi huthaminiwa sana, ni huyu wa pili aliyepata shida zaidi. Kwa hiyo mwalimu anayemwona mtoto pembeni mwa uwanja huanza kwa kutazama macho yake: je, yanawafuata wenzake wanaocheza?